Abiria Wangu Amehamia kwa Maige

Magu,
3 Juni 2024

Mke wangu mdogo Dorotea,

Najua ungekuwa hapa ungeniamkia, basi marahaba, nimeipokea mapema nisije nikaidai. Hujambo huko Nyegezi? Mimi mzima. Magoti yanalia kama mlango wa zizi lakini yanafunga. Mpunga tumevuna, ndege wamechukua sehemu yao. Bibi yako Getruda ni mzima kupita kiasi, na hiyo ndiyo sababu ya barua hii.

Naandika kwa mkono kwa kuwa simu anashika yeye. Anaitumia kumwita Maige.

Maige unamjua, yule wa bodaboda mwenye kitambi na redio. Tangu tulipoanguka Oktoba kwenye mteremko wa darajani, bibi yako hajaweka makalio kwenye pikipiki yangu. Kliniki ya presha anapelekwa na Maige. Kwaya, Maige. Alhamisi nimekaa na wazee wenzangu pale dukani, wakapita hao. Bibi yako kakaa nyuma ya Maige anatupungia mkono kama mke wa mkuu wa wilaya. Mzee Obedi akaniuliza, "Ngosha, yule si mkeo?" Nikamwambia ni mtu anayefanana naye.

Miaka thelathini na minne naendesha pikipiki, halafu nafanywa hivyo! Anasema hapandi tena mpaka aone cheti cha hao wafundishaji wa usalama barabarani. Bahati nzuri wewe uko kwao. Nitumie kimoja chenye muhuri. Jina langu unalijua. Andika "mzoefu".

Habari za kuanguka usimsikilize yeye. Alikaa upande kama kawaida yake, akatikisika, pikipiki ikakosa mizani. Mji mzima nimeshauelezea na umeelewa.

Ni mimi mumeo mwenye meno saba yaliyo hai,
Babu Ngosha


Nyegezi,
9 Juni 2024

Babu yangu,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia wote mnaendelea vizuri. Mimi mzima, ila sauti imekauka kwa kupigia watu kelele uwanjani.

Cheti situmi. Hivi si vitenge vya kampeni vya kugawa. Lakini una bahati: mafunzo yanakuja huko kwenu, uwanja wa mnada, tarehe 17 hadi 21. Kuna madarasa mawili, la wanaoanza na la wazoefu. Mimi wiki hiyo nitakuwa Kirumba na waendesha pikipiki wanaobeba samaki wa soko la Mwaloni, kwa hiyo utafundishwa na mwenzangu Queen. Ana miaka ishirini na sita, ni mfupi, na hana mzaha. Tafadhali usimwite mke.

Njoo na helmeti na viatu vya kufunika mguu. Ukija na kandambili atakurudisha mlangoni.

Halafu nina swali moja, Babu, la kikazi tu. Siku mlipoanguka, ulishika breki ipi?

Msalimie Bibi.

Mjukuu wako,
Dorotea


Magu,
18 Juni 2024

Dorotea,

Marahaba. Hatujambo. Huyo Queen wenu mmemwokota wapi?

Jana nilifika saa mbili kamili, nimevaa viatu vyangu vya ndoa. Nikaenda moja kwa moja kwenye mstari wa wazoefu. Tulikuwa kumi na wanne, na mimi ndiye niliyekuwa na mvi za kutosha kugawia wengine. Queen akapanga vile vikofia vya barabarani vya rangi ya chungwa, akachora mstari wa chokaa. Akasema, mtu aje kwa mwendo wa thelathini, nikishusha bendera asimame kabla ya chokaa.

Wenzangu wakasimama mmoja mmoja. Zamu yangu nikaja vizuri, kifua mbele. Bendera ikashuka. Nikapita chokaa. Nikapita vikofia. Nikampita na Queen mwenyewe, karuka pembeni kama mbuzi, nikaja kusimama kwenye banda la kupakilia ng'ombe.

Akanifuata polepole. "Babu, breki yako ya mbele inafanya kazi?"

"Sijui," nikamwambia, "hatujawahi kuzungumza."

Akachuchumaa, akaangalia. "Waya wake uko wapi?"

Nikamwambia ukweli, niliutoa mwenyewe mwaka ule ule niliponunua. Sisi tuliojifunzia pikipiki za chama cha ushirika, wakati wa pamba, wote tuliutoa. Marehemu Yakobo, aliyetufundisha, alisema breki ya mbele ni ya mtu anayetaka kumuona Mungu kabla ya zamu yake, inakurusha juu ya usukani. Pikipiki nimebadilisha tatu, na kila moja jambo la kwanza ni kutoa waya. Siyo uzembe huo, ni elimu.

Queen hakucheka. Angecheka ningemsamehe. Akasema mbele ya watu wote, "Babu, hamia darasa la wanaoanza." Huko kuna mwalimu Roza wa shule ya msingi, anayeogopa hata baiskeli iliyoegeshwa! Nikawasha pikipiki yangu nikarudi nyumbani. Leo sijaenda na kesho siendi.

Bibi yako hajaniuliza kitu. Ameniangalia viatu tu.

Lile swali lako la breki ningekujibu, ila karatasi imeisha.

Babu


Kirumba,
20 Juni 2024

Babu,

Shikamoo. Natumaini mmeamka salama. Mimi niko salama.

Queen amenipigia, anasema hujarudi. Anasema pia kwamba usukani unaushika vizuri na kona unakata vizuri kuliko wote, ila kusimama hujui.

Karatasi yako iliisha lakini jibu nimelipata. Waya haukuwepo. Ulishuka mteremko wa darajani kwa breki ya nyuma peke yake, tena nakujua, utakuwa uliweka gia huru kubana mafuta. Kwenye changarawe. Tairi la nyuma likateleza, basi. Hayo ninayafundisha kila Jumatatu, sihitaji kuwepo.

Bibi alikaa wiki sita mkono umefungwa plasta. Mpaka leo Magu yote inajua kwamba aliwaangusha yeye kwa kutikisika. Hapa siongei kama mkeo wa utani, Babu. Umemwambia?

Kama hujamwambia usinijibu.

Dorotea


Magu,
28 Julai 2024

Mke wangu mdogo,

Marahaba, nimeikumbuka mwenyewe. U mzima? Sisi wazima. Wiki tano umeona kimya ukadhani nimekufa. Ningekufa ungesikia, bibi yako angempigia Maige abebe jeneza.

Nilichelewa kwa kuwa kwanza ilibidi nikanunue waya. Fundi Nathaniel alipousikia mwaka nilipoutoa, aliweka spana chini akacheka mpaka wateja wengine wakaja kuuliza kuna nini. Akaufunga. Kufika uwanja wa mnada, Queen ameshahamia Kisesa. Nikamfuata Kisesa.

Nilikaa na wanaoanza siku tano. Queen ananifundisha breki ya mbele, ananiambia, bana taratibu, ongeza, ongeza. Sikuelewa. Nikamwambia, yaani kama kukamua ng'ombe, siyo kama kumnyonga kuku? Akafikiri. Kuanzia hapo anawafundisha wote hivyo hivyo, na mimi hakunitaja. Siku ya pili niliweka gia huru kwenye mteremko, mkono ukazoea wenyewe, akanigonga helmeti kwa ule mti wa bendera. Ya nne nikasimama kabla ya chokaa. Hatua mbili kabla! Hakuna kilichonirusha. Yakobo alitudanganya kwa nia njema, apumzike tu.

Cheti nikapewa. Nikakiweka mezani mbele ya bibi yako. Akakisoma mara mbili, akakikunja. Kisha akachukua simu akampigia Maige, kesho yake ni kliniki.

Hapo ndipo nilipojua kwamba wewe na yeye mmeongea lugha moja bila kukutana. Nikazunguka zizi mara tatu. Nikarudi, yeye anachambua mchele.

"Getruda."

"Nini."

"Siku ile hukutikisika."

Akaendelea kuchambua.

"Waya wa breki niliutoa mimi," nikasema. "Na nilishuka kwa gia huru. Hata ungekuwa gunia la pamba ungeanguka."

"Kwa hiyo mimi ni gunia?"

"Gunia lingenisamehe mapema."

Akaweka ungo chini. Nilidhani ananipiga. Akasema, "Ngosha, hukunisema hapa jikoni. Ulinisema dukani. Miezi tisa nikipita pale wanaulizana kama nimejifunza kukaa. Nenda kaseme huko huko."

Dorotea, nimewahi kufukuza fisi usiku kwa mwenge, lakini kutoka nyumbani mpaka dukani siku ile palikuwa mbali. Wazee wote walikuwepo, hata wale wasiokuja siku za kawaida, utadhani walitangaziwa. Nikasema nikiwa nimesimama, kwa kuwa ningekaa ningeanza masihara. Nikasema mke wangu alikaa sawasawa, akavunjika mkono kwa ujinga wangu, na niliyowaambia yalikuwa uongo.

Walicheka, we! Mmoja alimwaga kahawa. Obedi peke yake hakucheka. Baada ya muda akanivuta pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini waya huo unauzwa duka gani, na yule binti anarudi lini. Wa kwake aliutoa siku moja na mimi.

Nikarudi nikamwambia bibi yako nimesema. Akajibu, "Nimesikia." Sijui amesikia kwa nani, ndio kwanza nilikuwa nimeshuka kwenye pikipiki.

Hiyo ilikuwa jana. Leo Jumapili nimeamka nimekuta simu imewekwa mezani upande wangu. Yeye ametoka chumbani amevaa helmeti uliyomletea Krismasi, ile aliyokuwa anafunikia vifaranga, na ndani ya kitenge amevaa suruali yangu. Suruali yangu ya ndoa! Nikamuuliza, mama, kanisani hivyo? Akasema cheti kimeandikwa kwa nyuma kwamba abiria akae kwa kutanua miguu, ashike, na wewe hukusoma nyuma.

Nilikaa kukuandikia haya upesi. Lakini huko nje anapiga honi. Nimemwambia namalizia barua ya mjukuu wake. Amepiga tena, ndefu, kuku wamekimbia. Anasema mwambie Dorotea abiria yuko juu, ni dereva ndiye hayupo.

Naenda.

Babu