Wifi Anasafiri na Kiitaliano Changu cha Ukurasa Mmoja

Shangazi mpendwa, naomba unisaidie kabla Jumamosi haijafika, na ukishamaliza kunicheka unijibu, maana hata mimi nikijifikiria nacheka.

Mimi ni msusi, nina saluni ya viti vitatu, na zamani niliwahi kusuka wageni hotelini, wakinisalimia kwa Kiitaliano najibu buongiorno, wakiondoka nasema ciao, basi kwa maneno hayo mawili ukoo mzima wa mume wangu ukaamua kwamba Kiitaliano nakijua, na mimi sikukataa, nani anakataa sifa? Wifi yangu alipopata habari ya kazi ya kumtunza bibi kizee huko Italia, akaja kunishika mikono, "Wifi, nifundishe, sina mwingine," akaja na mashoga zake, nikawaketisha chini ya mashine za kukaushia nywele baada ya kufunga, nikawa mwalimu. Ada sichukui, Shangazi, nachukua sifa tu.

Kitabu nilichonacho ni kamusi ya Kiingereza na Kiitaliano aliyoisahau mteja, nikaifungua nikakutana na kitenzi cha Kiingereza, get, kimejaza ukurasa na kumwagikia wa pili, nikasema hili ndilo baba lao, mtu akilijua hili amemaliza nusu ya lugha. Kupokea ni ricevere, kupanda basi ni salire, kushuka ni scendere, kuinuka ni alzarsi, kuelewa ni capire, na yote hayo Mwingereza anayasema kwa get hiyo hiyo, wakati mwingine na kaneno ka kuisindikiza. Shida ni kwamba wanafunzi wangu Kiingereza chenyewe kinawapiga chenga, kwa hiyo muda wote nawafundisha Kiingereza, Kiitaliano kinabakiwa na dakika za kufagia nywele, na tangu tuanze hatujatoka hapo, kwa sababu nikifunua ukurasa mwingine nitaumbuka. Kushuka kwenye basi kwa Kiingereza wanajua, kuomba maji ya kunywa kwa Kiitaliano hawajui, na wananiita Profesa.

Sasa juzi binti wa yule bibi alimtumia wifi ujumbe wa sauti, wifi akanikimbilia saluni nikiwa na kichwa cha mteja mkononi, nikausikiliza mara tatu nimefumba macho kama mtaalamu, nikaambulia neno moja tu, mamma, nikasema, "Anakusalimu, anasema mama yake ameshakupenda." Wifi akalia kwa furaha, mteja akapiga makofi, tukajibu grazie na picha za maua. Jumamosi watampigia kwa video kumfanyia usaili na wifi anataka niketi pembeni yake. Nisingizie ugonjwa? Au niseme ukweli, wifi anichukie na mume wangu anitanie mpaka uzeeni? Ujumbe wenyewe nimekuambatishia usikie jinsi walivyo na haraka watu hawa.

Ni mimi, Profesa wa saluni

Shangazi anajibu:

Profesa, nimecheka, sikufichi. Kisha nikaacha.

Ujumbe huo wa sauti nimempelekea mtu anayekijua Kiitaliano, maana mimi sikijui. Umeona neno hilo, sikijui, lilivyo rahisi kulitamka? Binti anasema mama yake alianguka bafuni, na tangu hapo hawezi kuinuka kitandani peke yake. Anauliza kama wifi yako ana nguvu za kumwinua, na kama aliwahi kuuguza mtu. Anaomba jibu kabla ya Jumamosi. Nyinyi mkamtumia asante na maua! Na hapo kwenye kuinuka alisema alzarsi, neno la ukurasa wako mwenyewe. Limekuja kukusalimia saluni kwako na hukulitambua.

Kutojua si kosa, mwanangu. Lakini fikiria bibi wa watu ameanguka tena, anaita, na wifi yako yuko naye peke yake kwenye nyumba ya ugenini. Hapo nani atafumba macho na kumwambia kwamba bibi anamsalimu? Hilo ndilo lililonikera, na wewe likukere.

Halafu hiyo safari ya kupitia Kiingereza ni ya nini? Kupanda tuna neno lake, kushuka tuna lake, kuelewa tuna lake, na Mwitaliano naye ni vivyo hivyo. Unawazungusha watu nyumba ya jirani ili wafike jikoni kwao. Funga kamusi hiyo.

Leo hii, si kesho, mwite wifi yako umwambie ujumbe ulisema nini. Ajibu ukweli kuhusu nguvu zake, na aombe usaili usogezwe mbele kama watakubali. Atanuna. Mwache anune, ni haki yake, na mumeo akikutania cheka naye, umemtafutia sababu mwenyewe. Mficha uchi hazai. Mtafuteni mwalimu wa kweli, na wewe ukae chini ya mashine ya nywele pamoja na wenzako, uanze kwenye kuomba maji.

Ugonjwa usisingizie. Siku ya usaili keti pembeni yake kama wifi, ukimya wako utamsaidia kuliko tafsiri zako. Ila kabla ya hapo lipo somo moja unaloweza kulifundisha bila kudanganya, limo kwenye ukurasa wako huo huo: Non ho capito. Sijaelewa. Hilo ndilo litakalomlinda yeye na bibi wa watu. Na ili wajue linavyotamkwa, utaanza kulisema wewe, Profesa, kwa sauti, mbele ya darasa zima.