Nyota Iliyoitwa Mama Kidoti

6 Juni

Mke wangu Mama Kidoti,

Pokea salamu zangu zenye mchanga. Mimi mzima, ila midomo imepasuka kwa ukavu. Hofu yangu ni nyinyi huko. Kidoti bado anakoroma kama babake?

Simu huku haishiki mtandao, kwa hiyo barua hii nampa dereva wa lori la maji, anayekuja mara moja kwa wiki. Uliniuliza wageni wanafuata nini jangwani mbali hivi. Wanafuata giza. Tunawatandikia vitanda nje, shuka nyeupe pe, walale wakitazama nyota. Wakishakula, ni marufuku kuwasha hata kiberiti, kwa hiyo sisi wahudumu wa mezani tunaondoa vyombo kwa kupapasa. Jana nilimkusanyia bwana mmoja miwani yake pamoja na vijiko.

Juzi mwonyeshaji nyota aliugua, meneja akanisukuma mbele kwa sababu eti nina sauti. Nyota tatu nne nilishazishika kwa kumsikiliza yeye. Mama mmoja akauliza ile nyekundu, chini kabisa, inaitwaje. Silijui jina lake. Nikasema, "Ile ni Mama Kidoti." Wakalirudia wote, taratibu, kama wanafunzi. Baadaye nilikaa kitandani nikatamani ungekuwepo nikusimulie.

Likizo hutolewa mwezi ukiwa mpevu, maana nyota hufifia na wageni hupungua. Mwezi mpevu wa Julai nakuja.

Mumeo,
Baba Kidoti


15 Juni

Mume wangu,

Salamu zimefika, na sisi tunatembea kwa miguu yetu, tunashukuru. Barua yako niliisomea kwenye meza ya pasi hapa kwa dobi, nikacheka mpaka wenzangu wakadhani nimeungua. Umenipandisha juu huko bila hata kuniuliza? Na kwa nini nyekundu, tena chini kabisa? Nzuri zote zilikuwa na wenyewe?

Kidoti siku hizi hakoromi tu, anakabwa. Usiku naamka kusikiliza kama anapumua. Daktari amesema mafindofindo yatolewe, Jumatatu tarehe 13 Julai. Nimeangalia kalenda, ni wiki yako ya likizo. Kidoti ameapa hatavaa gauni la hospitali mpaka baba aje.

Naogopa, Baba Kidoti. Kila mtu ananiambia ni upasuaji mdogo, lakini ni mimi nitakayemkabidhi mtoto mlangoni kisha nikae kwenye benchi, na sitaki kukaa pale peke yangu. Mengine yote nimeyaweza bila wewe. Kwa hili njoo.

Mkeo,
Mama Kidoti


28 Juni

Mke wangu mpenzi,

Nawasalimu wote wawili, na koo la Kidoti nalisalimu peke yake. Nimeomba ruhusa, nimepewa. Napanda lori la maji Jumamosi tarehe 11, Jumapili niko mlangoni. Ahadi ni deni. Mwambie alale.

Mumeo,
Baba Kidoti


11 Julai

Mke wangu,

Leo hata kukuuliza hali naona haya. Lori linanguruma nje, na mimi simo.

Mwonyeshaji nyota ameacha kazi kabisa, na meneja amenipa nafasi yake. Kuna kundi linakuja kuutazama mwezi wenyewe kwa darubini, akasema nikiondoka wiki hii atatafuta mwingine. Nitakuja Agosti.

Nisikudanganye, ningeweza kukataa. Miaka mitatu nimepita katikati ya meza hizi na hakuna aliyeniangalia usoni. Sasa nikisema, watu ishirini wananyamaza. Halafu wanakwenda kulala, nabaki nje peke yangu, sina hata wa kumwambia usiku mwema. Nisamehe. Mshike mtoto mkono kwa niaba yangu.

Mumeo,
Baba Kidoti


22 Julai

Baba Kidoti,

Natumaini u mzima. Kidoti hajambo, anakunywa uji wa baridi na sauti imeanza kurudi.

Barua yako ilifika Jumatano, upasuaji umeshapita. Jumatatu hatukuwa nayo, kwa hiyo tulikungoja. Kila mlango ulipofunguka mtoto aligeuza shingo. Zamu yake ilipofika aling'ang'ania chuma cha kitanda, ikabidi nesi amdanganye kwamba baba yuko nje anavua viatu. Ndipo akaachia. Alipozinduka hakuweza kusema, akawa anatazama mlango tu. Daktari aliuliza baba yake yuko wapi. Nikamjibu yuko kazini, anaonyesha watu nyota. Alidhani namtania.

Upweke wako naujua, siubezi. Wangu ni huo huo, ila hauna wasikilizaji. Unasema nimshike mkono kwa niaba yako. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Nimehamia kwa dada yangu mkubwa, chumba cha nyuma. Ufunguo wa kule nimemwachia mama mwenye nyumba. Nguo zako zimo zote, nimezipiga pasi. Ile nyota muulize anayejua akupe jina lake, mimi usinitaje tena.

Kumwona mtoto hukatazwi. Hapa kwa dada wageni hupokelewa sebuleni. Ukija, piga hodi, ungoje tuitikie.

Mama Kidoti