Pacha wa Kapteni

Jumatatu, 2 Juni 1997

Nimefagia kibanda chetu cha video tangu saa mbili asubuhi. Maganda ya njugu, makapi ya muwa, kandambili moja bila mwenzake. Mabenchi yote nimeyapangusa. Hamisi anasafisha kichwa cha deki ya kanda kwa pamba na spiriti, ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika. Nilisimama na ufagio nikamtazama mpaka akacheka. Wiki tano za ndoa. Bado nikimtazama nasahau ninachofanya. Mungu wangu, huyu ni wangu!

Naandika Kiswahili kwa sababu nilizaliwa katika nyumba za polisi kule Mbale, ndicho nilichokisema kwanza. Pia kwa sababu mama mkwe akija kutoka Buwenge hawezi kukisoma. Kwake ni lugha ya watu wenye bunduki.

Watu wanauliza kanda mpya za ile filamu, Mji wa Angani, zinafika lini. Hakuna anayejua. Zile sita za mwanzo mtaa mzima wa Nalufenya, hapa Jinja, umezikariri. Mji wa chuma unaelea mbali na dunia, watu elfu moja ndani. Kapteni Waiswa akafa kwenye moto, kanda ya nne. Kanda ya tano, pacha wake Tenywa akaanza kumtokea mjane wa kapteni, wanazungumza, kisha anatoweka. Majina hayo ni ya Hamisi, ndiye anayewatafsiria watu kwa maikrofoni, kwa lugha ya hapa. Wazungu wana yao, lakini mapacha hapa Busoga huitwa Waiswa na Tenywa, na watu waliyapenda. Kanda ya sita iliishia mlango ukifunguka. Nani yuko mlangoni? Hatujui. Tutakufa kabla ya kujua.

Jumatano, 4 Juni

Ubishi tangu asubuhi mbele ya kibanda. Sula wa chapati anaapa kwamba mlangoni ni Tenywa. Baligeya, yule wa boda boda, aliegemea baiskeli yake akasema kama ni Tenywa basi lazima amrithi mjane, ni mke wa ndugu yake.

"Arithi nini?" Sula alimwuliza. "Mwanamke anaendesha mji mzima. Wewe baiskeli moja inakushinda."

Mimi nikasema wanapendana kwa siri. Wakanicheka wote. Bi harusi, eti kila kitu kwangu ni mapenzi. Ni kweli. Sioni aibu.

Halafu akaja Afande Opio na kicheko kikaisha. Ni sajini wa kambi, mtu wa Teso, mkubwa kama mlango. Hukaa benchi la mbele kila Jumamosi. Kwao Opio ni jina la pacha. Mwenzake Odongo alikuwa askari pia. Alipelekwa vitani kaskazini miaka mitatu iliyopita, hakuna barua, hakuna maiti. Nyumbani wanataka kumfanyia matanga. Afande anakataa.

Alimwambia Hamisi, "Wewe nasema Tenywa iko hai."

"Iko, Afande."

"Basi iko. Mimi nangoja." Akaweka mkono juu ya televisheni kama mtu anayempapasa ng'ombe. "Lakini kama wewe nadanganya mimi, hii mashine navunja. Halafu wewe."

Bastola ilikuwa kiunoni. Hakucheka, hakukasirika. Mwaka jana, kibanda kingine, aliipiga televisheni teke kwa sababu kanda ilikwama. Kanda tu! Hamisi alitabasamu.

Ijumaa, 6 Juni

Sijui niandikeje.

Hamisi amekwenda Buwenge kumwona mama yake. Umeme ulirudi saa nne. Nikaweka kanda ya tano peke yangu. Nilitaka kupata kidokezo, nimshinde Sula.

Hamisi hupunguza sauti ya televisheni kabla ya kushika maikrofoni. Daima. Watafsiri wote hufanya hivyo. Kwa hiyo sikuwahi kuwasikia wale watu wakisema wenyewe. Leo niliwasikia. Nimesoma sekondari mpaka S.4, Kiingereza nilikipenda kuliko masomo yote.

Hakuna pacha.

Kapteni alijirekodi kabla ya kufa. Mashine inamsimamisha chumbani kama mtu mzima mwenye mwili, anaongea, kisha anazimika. Mjane anasema wazi, hii ni rekodi ya tatu, zimebaki tisa. Neno pacha halitajwi popote. Nilirudisha nyuma mara tatu.

Pale ndipo Hamisi husema, kwa ile sauti yake, "Shemeji, usiogope. Mimi ni Tenywa. Nimetoka mbali." Machi nilikuwa nimekuja kumtembelea shangazi, nikakaa benchi la tatu, nikalia kwa maneno hayo. Kwa maneno hayo nilimpenda mtu ambaye nilikuwa sijauona uso wake. Nilijiambia, mtu anayejua Kiingereza cha ndani hivi amesoma sana.

Mume wangu hajui Kiingereza.

Na Afande Opio anangoja.

Jumamosi, 7 Juni

Tulirudia kanda ya sita kwa kuwa hakuna mpya. Kibanda kilijaa. Hamisi alipunguza sauti, akaanza. Mzuri, mzuri kupita kiasi. Nilimsikiliza nikaona kila alichokibuni. Sikuweza kumchukia. Nilitaka tu anyamaze.

Afande Opio alisogeza midomo pamoja naye. Anajua kila neno la Tenywa.

Sijamwuliza Hamisi. Naogopa atakachojibu. Kama anajua, ni mwongo. Kama hajui, yuko hatarini na anatabasamu. Nimeunguza maharage.

Jumatatu, 9 Juni

Habari mbaya. Baligeya amesikia kwamba kanda mpya zimeshafika Mbale. Mwenye kibanda kimoja kule anaanza kuzionyesha, na mtafsiri wake ni mwalimu mstaafu. Mwalimu! Huyo atasema yaliyomo. Watu wa Mbale na Jinja wanapishana kila siku. Kwetu zinafika Ijumaa.

Nimeomba ruhusa kwenda kumsalimia dada. Hamisi alinipa embe la njiani, akanifungia vizuri kwenye gazeti. Nilitaka kulia hapo hapo.

Jumanne, 10 Juni. Mbale

Nyumbani kwa dada Mariamu, Nkoma. Shemeji ni karani, ana televisheni na deki, na amekodi ya kwanza ya zile kanda mpya. Tumeitazama baada ya chakula cha mchana. Dada alisinzia. Mimi sikusogea.

Mlangoni hakuwa Tenywa. Alikuwa fundi wa mji. Amekuja na habari kwamba mashine kuu imejaa, haiwezi tena kutunza hewa ya watu na zile rekodi pamoja. Mjane azifute. Anazifuta moja moja. Anabakiza ya mwisho, ambayo hajawahi kuthubutu kuitazama. Kapteni anasimama, anatabasamu, anamwambia asimngoje. Basi. Anazimika. Hatarudi tena, si kanda hii wala nyingine.

Dada aliamka akaniuliza nina nini. Nikasema nimemkumbuka mume wangu. Akacheka, siku moja tu! Ndiyo. Naogopa kwamba hiyo ndiyo hesabu tuliyobakiwa nayo, mimi na Hamisi, siku moja moja.

Alhamisi, 12 Juni

Nimemwambia. Kibandani, mlango wazi, saa tano asubuhi. Nilidhani atakana. Alikaa kwenye benchi la Afande, akainama.

Aliacha shule ya msingi, P.5, baba yake alipofariki. "Hao watu wanasema mbio mbio, Zai," alisema. "Mimi naangalia nyuso." Mtu amekufa, tumemwona akizikwa. Kisha sura yake ile ile inasimama mbele ya mke wake. Kwao Buwenge huyo ni pacha, hakuna mtu angeuliza mara mbili. Alisema alichokiona.

Lakini mwisho wa kanda ya sita aliona mkono wa mwanamke ukipita katikati ya yule mtu kama moshi. Hapo alijua amekosea. Siku hiyo hiyo Afande Opio alinunulia kibanda kizima soda. Alikuwa analia na kucheka. Alisema, mnaona, pacha hapotei bure.

"Ningemwambia nini, Zai? Ningemwua ndugu yake mara ya pili?"

Nilimsihi adanganye tena. Naandika ukweli wangu hapa. Nilisema, sema Tenywa amekwenda mji mwingine, atarudi msimu ujao. Nilisema pia tukimbie, baba atatupa chumba Mbale. Mimi niliyemwona mwongo Ijumaa, leo ndiye ninayempa uongo mkononi. Tukatoka nje. Hamisi akafunga kibanda kwa kufuli, akasimama, akafungua tena.

"Hapana," alisema. "Anangoja kwa sababu yangu."

Nampenda. Nina hofu.

Ijumaa, 13 Juni

Kanda zimefika. Sula alipiga vigelegele peke yake barabarani.

Tumeitazama ya kwanza pamoja, mlango umefungwa, mimi nikiandika tafsiri kwenye daftari, yeye akirudia. Anashika haraka sana. Angesoma huyu, angekuwa nani?

Afande alipita jioni, hakuingia. Aliinua kidole kimoja tu. Kesho.

Nimepanga nguo zetu kwenye begi. Hamisi ameliona.

Jumamosi, 14 Juni

Onyesho la saa kumi. Saa tisa mabenchi yalikuwa yamejaa, wengine wamekaa chini. Afande Opio mahali pake. Sare, bastola, bereti. Alikuwa amenyoa.

Nilikaa kando ya Hamisi na daftari. Wanawake hawakai pale kwenye maikrofoni. Miluzi ilipigwa. Hamisi akashika maikrofoni kabla ya kupunguza sauti.

"Ndugu zangu, niliwakosea. Hakuna pacha. Kiingereza sikuelewa. Leo mke wangu ananiambia, mimi nawaambia."

Kelele! Mmoja alitupa ganda la ndizi. Sula alisimama. "Kwa hiyo mwezi mzima nagombana na Baligeya juu ya mtu ambaye hayuko?"

"Na mjane hana wa kumrithi!" Baligeya alijibu. "Pole sana."

Wakacheka, na kicheko kilituokoa na mengi. Lakini shingo ya Afande haikugeuka. Niliitazama shingo hiyo saa nzima. Mlango ukafunguka, fundi akaingia. Rekodi zikafutwa. Nilinong'ona, Hamisi akasema. Watu walinyamaza polepole. Mwanamke mmoja nyuma alianza kuvuta kamasi.

Ikafika ya mwisho. Nikanong'ona neno. Hamisi akafungua mdomo, sauti haikutoka. Nikanong'ona tena. Macho yamejaa maji, hawezi. Kapteni pale kwenye kioo anakaribia kuzimika.

Nikamnyang'anya maikrofoni. Nikasema mwenyewe.

"Usiningoje."

Afande Opio akasimama.

Alikwenda mpaka kwenye televisheni. Alijaza kioo chote, tukamwona mgongo tu. Mkono wake ulishuka kiunoni, ukapita bastola, ukapanda juu. Alivua bereti. Hamisi alikuwa amesimama mbele yangu, sijui alifika pale lini. Nilishika shati lake kwa nyuma kwa ngumi mbili.

"Rudisha."

Nilirudisha. Akatazama. "Rudisha." Nilirudisha. Mara ya tatu alisema bila kugeuka, "Sasa nyamaza, nyinyi wote wawili. Sauti weka juu. Wacha yeye aseme."

Nikapandisha sauti. Kibanda kizima kilisikiliza Kiingereza, na hakuna aliyeuliza maana.

"Basi," alisema Afande. Alivaa bereti, akainyoosha kwa kidole, akatoka. Watu walimpisha njia mpaka nje. Hakugusa kitu.

Hamisi alikaa chini sakafuni. Mimi pia.

Jumapili, 15 Juni

Afande Opio amekuja saa nne asubuhi, bila sare. Nilipomwona mlangoni nilimwaga chai. Alisema hodi kama mtu mwingine yeyote. Nikamkaribisha kiti, akakaa ukingoni.

Alikunywa chai yote. Ameomba likizo. Kesho anakwenda kwao Teso, wazee watafanya walilotaka kufanya kwa Odongo, na yeye atakuwepo. Aliomba nimwambie lile neno tena, kwa Kiswahili. Nikasema. Akaitikia kwa kichwa.

Mlangoni aligeuka. "Hamisi. Msimu mwingine, huyo mama ataolewa?"

"Sijui, Afande."

"Eh. Sasa nakuamini."

Nimetoa nguo kwenye begi. Nje Sula na Baligeya wameanza upya, eti mjane atakuwa kapteni, eti fundi ana siri.

Mchana tulifunga kibanda. Hamisi alisafisha kichwa cha deki kwa pamba na spiriti, akaweka kanda ya kwanza kabisa, ile ya mwanzo wa yote. Tulikaa benchi la tatu. Akaegemeza kichwa begani kwangu, akauliza, yule anasema nini? Nikamwambia. Na yule? Nikamwambia.

Hakugusa kitufe cha sauti.