Maji ya rejeta ya Mzee Masanja

Jumatano, Nsemulwa.

Ile oili haijanitoka kichwani. Nyeupe kama chai ya maziwa, tena kwa mara ya pili.

Mara ya kwanza Mzee Masanja alipoileta pikipiki yake ya porini, ile anayofuatia ng'ombe kule Litapunga, nilimwambia amevuka mto, maji yameingia kwenye gia, asirudie. Bodaboda zetu zikivuka mto ndivyo zinavyokuwa, na hazina rejeta ya maji ya kupoza injini. Nikabadilisha oili basi. Akauliza, "Fundi, mbona na rejeta naiongezea maji kila asubuhi?" Nikamjibu ni jua.

Leo kaileta kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Nimefungua: sili ya pampu ya maji, kile kimpira cha kuzuia maji yasivuje, imekufa, maji ya rejeta yalikuwa yanapita hapo kwenda kwenye gia. Beringi zimeliwa na kutu, gia zimelika. Kimpira kidogo vile. Ningejiuliza tu yale maji yanaishia wapi...

Masanja hakufoka. Alichuchumaa, akaangalia, akasema taratibu, "Kosa langu, fundi. Ulinikataza mto, nikavuka."

Mikono nilikuwa nimeshanawa. Nikaendelea kuifuta, habari ya sili sikumwambia.