Koplo wa Mama

Nyumbani, chumba cha uani,
Jumapili, mvua imekatika sasa hivi.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Huko unaendeleaje? Ule mguu uliokuwa unakusumbua umepona? Na tumbo lako? Sisi huku wazima wa mwili, ila Mama usingizi hana, na sababu ni mimi. Ngoja nifike hapo taratibu, unajua mimi maneno hayanitoki kirahisi.

Kazini bado napiga msasa na vanishi. Wote wananiita Kimya, jina ulilonibandika wewe. Juzi mteja kanisalimia, nikajificha nyuma ya kabati. Kabati lenyewe halijawekwa milango wala ubao wa nyuma. Walinicheka mpaka jioni.

Sasa vile vitabu vyako. Ulipoondoka kwenda jeshini uliniachia, ukasema mchwa wasivile. Basi Mama akataka nimsomee kila nikitoka kazini. Anasema kama ulivipenda hivyo, ndani yake hakukosi kitu chako. Nikamwambia, Mama, hizi ni riwaya, na vita vyenyewe vya zamani, watu wanapanda farasi. Mjomba akadakia, "Dada, mwanao hajapewa hata punda." Mama akasema risasi ni risasi.

Ile ya wapagazi haikumkaa. Akapenda ile ya daraja, yenye jalada lililochanika, uliyokuwa unaisoma mpaka chakula kinapoa. Si unamkumbuka yule koplo mcheshi, analalamikia tumbo kila ukurasa? Mama alipomsikia tu akapiga kofi: "Huyu si kaka yako huyu!" Toka siku hiyo akawa wake. Nachemsha chai, naulizwa, "Unadhani koplo kala?"

Wewe unajua kinachompata pale mtoni. Mimi nilikuwa sijui. Nasoma kwa kidole, jicho linatangulia mdomo. Nikaona anapigwa risasi, anazama. Nikamtazama Mama, kashika kikombe kwa mikono miwili, hanywi. Kaka, sikuweza. Nikasema kaogelea, katokea ng'ambo na kiatu kimoja. Mama akacheka mpaka akatoa machozi.

Kumbe uongo nao una njaa, kila siku unataka kulishwa. Ikabidi kila nikisoma nimtafutie koplo pa kukaa. Nikampa kazi ya kulinda magunia, nikamnywesha uji. Na kwa vile nasoma kwa kukwama, nikisimama kutunga hakuna aliyeshtuka.

Wiki hii vumbi la msasa likaniingia machoni, yakavimba. Mama Cherehani, yule jirani yetu anayeshona, akaja kumpima Mama gauni. Mama akampa kitabu, "Hebu tusomee, huyu leo hana macho." Nikasema kitabu kimeisha. "Kimeishaje na kurasa zote hizi?" Mama Cherehani akavaa miwani, akaanza kusoma, sauti kama ya redioni: tangu tumzike koplo, kikosi hakicheki tena.

"Koplo yupi?" Mama akasema. "Koplo jana alikuwa anakunywa uji."

Akamwambia arudi nyuma, nyuma, nyuma, mpaka mtoni. Mimi natazama sakafu.

Hakunigombeza. Angenigombeza ningeona afadhali. Akauliza kwa upole, "Na barua za kaka yako je? Nazo unanisomea hivi hivi?"

Haki ya Mungu, Kaka, barua zako sijaongeza hata nukta. Nikamwapia. Mama Cherehani akazisoma zote upya, maneno yale yale. Mama akamwambia, "Na wewe unamhurumia huyu, nimeona ulivyomtazama."

Barua yako ya mwisho kailaza chini ya mto wake. Ni ya kabla ya masika, na nyingine haijaja. Nikisema uko mzima, ananitazama mdomo. Na mimi sasa nimeingiwa na hofu. Umeandika "huku kumetulia." Kaka, kumetulia kweli, au na wewe unatuhurumia kama nilivyomhurumia Mama?

Nakuomba, ukipata simu hata ya kuazima, piga. Usipoteze muda na mimi, niambie tu nimpe Mama. Kama simu haiwezekani, andika. Ukiwa mzima andika mzima. Ukiwa umeumia, andika umeumia, na wapi. Nitamkalisha Mama Cherehani pembeni yangu anifuatishe kwa macho, nami nitasoma kama ilivyo, hata sauti ikinikatika.

Mjomba anakusalimu, anauliza umeshapewa punda. Mama Cherehani naye anakusalimu sana. Mama hakutuma salamu. Nilipomuuliza, alisema atakusalimu mwenyewe akikusikia.

Mungu akufunike popote unapolaza kichwa.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Kimya.