Vijidudu vya Tangi la Sebuleni

Kaka Ambakisye,

Shikamoo. Mama anakusalimu, goti lake lina nafuu. Hapa Tegeta umeme haukatiki sana siku hizi, na pampu ya tangi lako inazunguka. Nimeandika kwa karatasi maana kwenye simu ungenikatisha kabla sijamaliza.

Uliniagiza kila Jumamosi nifunge mapazia, nimulike tochi kwenye kona ya tangi, na vijidudu vikijikusanya kwenye mwanga nivivute kwa bomba la sindano, niviangalie kwa hadubini, nivitafutie majina kitabuni na kukuchorea. Nilifanya hivyo hadi Machi. Maji yalipopungua niliongeza ya bahari, nikiyabeba mwenyewe kwenye dumu kutoka Mbezi Beach. Mie niliona navitendea wema kuvipa maji ya kwao. Sikujua kwamba maji yakikauka chumvi inabaki, na kwamba nilitakiwa kuongeza maji yasiyo na chumvi. Siku moja nikamulika, hakikuja hata kimoja.

Michoro uliyopokea tangu hapo nimeinakili kutoka daftari lako la zamani. Hata yule jike mwenye vifuko viwili vya mayai, uliyewaonyesha wenzako chuoni huko Ureno ukisema mdogo wako ana jicho kali.

Nilidhani utautambua mkono wako mwenyewe, unigombeze, yaishe. Wewe ukanisifu, nami nikakuchorea mwingine.

Pampu naiacha izunguke, Mama asije akaniuliza.

Mdogo wako,
Atuganile