Hizo Sijambo Zako, Mama

Mama,

Najua barua inavyotakiwa kuanza. Ulinifundisha mwenyewe nikiwa mdogo pale Muheza, umesimama nyuma ya kiti changu na mwiko mkononi: kwanza salamu, kisha mimi huku ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali. Leo sianzi hivyo. Mimi si mzima, nina hasira, na wewe uliye mbali umeshakufa, kwa hiyo hofu na mashaka nimebaki nayo mwenyewe.

Hasira zenyewe ni juu yako wewe. Usiniangalie hivyo. Tangu tulipokuzika kwenye makaburi ya Lidcombe, huku ughaibuni, nimekulilia kama inavyopasa. Nimepokea rambirambi, nimepikia wageni, nimevaa nyeusi mpaka wenzangu ofisini Parramatta wakadhani ndiyo mtindo wangu mpya. Sasa kulia nimepumzika kidogo. Nataka tugombane.

Tugombane kuhusu Pendo. Mjukuu wako, huyo uliyekuwa ukimwita mke mwenzio, nusura nimzike karibu yako majira haya ya baridi, na chanzo chake ni adabu. Si ugonjwa peke yake, mama. Selimundu tunaijua, tumeishi nayo tangu alipokuwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Damu inakwama kwenye mishipa, mifupa inamuuma mpaka anatetemeka, tunakimbia hospitali, anapewa dawa, anarudi. Hayo tumeyazoea, kama mtu anaweza kuyazoea. Lakini safari hii kilichotaka kumuua ni neno lako moja.

Ilikuwa siku ya upepo ule wa mtaani kwetu Auburn unaopenya hadi kwenye meno. Pendo amerudi kutoka shule, amefika mlangoni, amevua viatu akavipanga. Shikamoo mama. Marahaba, habari za shule? "Good." Basi, akaenda chumbani. Unamjua, Kiswahili anakisikia chote na anajibu Kiingereza, lakini utaratibu wote ni wa kwako: salamu kwanza, uso mkunjufu, mengine baadaye. Nikaendelea kumenya viazi vyangu. Kilichonishtua ni harufu ya mafuta ya nazi. Nilimkuta ameketi sakafuni, amefunga mlango, anajikanda miguu mwenyewe kama ulivyokuwa ukimkanda, na shati la shule limelowa jasho kwa baridi ile.

Tukaenda hospitali ya watoto. Pale mapokezi ya dharura kulikuwa na nesi kijana, mtu mwema kabisa, sina ugomvi naye. Akamwinamia akamuuliza hali yake. Sasa sikiliza mjukuu wako alivyojibu: "I'm good, thank you. How are you?"

Mama! Mifupa inamvunjika kwa ndani na yeye anamuuliza nesi habari zake!

Nesi akamwomba ataje maumivu yake kwa namba, kuanzia sifuri mpaka kumi. Akasema mbili. Nikasema hapana, ni kumi, huyu mtoto ana selimundu. Nesi akanitazama mimi niliyekuwa natweta na kanga begani, akamtazama Pendo aliyekaa wima, mikono mapajani kama yuko shule ya Jumapili, akaamua kumwamini mtoto. Ndivyo walivyofundishwa, kumsikiliza mtoto mwenyewe, na siku nyingine zote ningewasifu kwa hilo. Tukaambiwa tukae tusubiri. Kakapita kavulana kalikobanwa kidole na mlango wa gari, kanapiga mayowe jengo zima linasikia, na kenyewe kakaingizwa. Sisi tumekaa na adabu zetu.

Daktari alipotufikia, Pendo alikuwa hawezi kuvuta pumzi. Maumivu yalikuwa yamepanda kifuani na homa juu. Hapo ndipo walipoanza kukimbia. Oksijeni, mofini, damu ya kuongezewa, watu wengi kwa wakati mmoja kitandani na mimi nimebanwa ukutani nimeshika begi la shule. Sitaki kukusimulia siku zile. Nitakwambia tu kwamba baba yake, ambaye unajua huwa hasemi neno, alikuwa anatoka nje kwenye maegesho ya magari kulia.

Alipopata nafuu nilimuuliza kwa nini alisema mbili. Niliuliza kwa ukali, nakiri, maana nilikuwa nimejaa. Akanitazama kwa yale macho makubwa, mpira wa oksijeni bado uko puani, akasema kumi ni ya mtu anayekufa. Halafu akaongeza, kwa Kiingereza chake cha taratibu, kwamba Bibi hakuwahi kusema hata mbili.

Umesikia?

Alikuwepo, mama. Ilikuwa likizo, sikuwa na mtu wa kumwachia, nikaja naye kliniki siku ile uliyopelekwa kupimwa tumbo. Daktari akampigia mkalimani wa kwenye simu. Kijana wa watu, Mkenya kwa lafudhi yake. Wewe ukaanza naye: hujambo baba, kwenu wapi, wazazi wako hai, umeoa, baridi ya huku unaionaje. Daktari anatazama saa. Mpaka mnamaliza kuamkiana, muda wenyewe umekwisha nusu. Kisha akaulizia maumivu, nawe ukatulia kwenye kiti, ukaweka kitenge sawa, ukasema, "Mwambie daktari sijambo, namshukuru Mungu. Ni tumbo kidogo tu, uzee huu." Kijana akatafsiri vile vile. Nilipofungua mdomo kusema kwamba hulali, ukanikanyaga mguu. Ukapewa vidonge vya kiungulia. Kuja kugundua, saratani imeshafika kwenye ini.

Kwetu jambo hili halina ubaya, na hilo ndilo linalonichosha. Muheza mtu anakuja kuleta habari za msiba, anaulizwa habari za nyumbani, anajibu nzuri, ila baba amefariki jana. Hakuna anayemshangaa. Anayeuliza anajua kusubiri hiyo "ila". Anajua nzuri ni kubisha hodi tu, habari zenyewe ziko nyuma. Huku hakuna anayesubiri, mama. Ukisema nzuri wanaandika nzuri na kumwita anayefuata. Nimeishi nchi hii miaka yote hiyo bila kuliona jambo dogo kama hilo, na wewe hukuishi ya kutosha kuliona.

Basi wakatupeleka kwa watu wa timu ya maumivu. Ndiyo, wako watu ambao kazi yao ni hiyo, maumivu ya watoto. Yuko dada mmoja mwanasaikolojia, wazazi wake wametoka Lebanoni, tukamwona mara kwa mara. Mwanzoni nilimdharau. Nilimwambia mwanangu hana wazimu, ana selimundu. Hakukasirika. Akanieleza kwamba mtoto wa hivi anaumwa hata siku asiyoumwa. Anaogopa itakayofuata, anakaza mwili, halali, anakosa shule, anaogopa marafiki watamsahau, na woga wote huo unarudi kuyakuza maumivu yenyewe. Na anayeficha ana kazi ya kuumwa na kazi ya kuficha. Nilikumbuka miguu yako chini ya blanketi, ulivyokuwa ukiikunja polepole ili nisisikie.

Anamfundisha kupumua. Kuvuta taratibu na kuachia taratibu, kama mtu anayepoza uji. Anamfundisha kufumba macho na kwenda kwa akili mahali anapopapenda, na unajua mke mwenzio amechagua wapi? Si ufukweni, si Muheza ambako hata hapakumbuki. Kachagua kitanda chako, chumba cha mbele, redio ikiwa imewashwa. Anamfundisha asisubiri yazidi ndipo ameze dawa, aanze mapema, anywe maji, ajiweke joto, na asilale tu bali ajinyooshe kidogo kidogo. Nilipomsimulia ulivyokuwa ukimkanda kwa taulo la maji ya moto alifurahi sana, akasema tuendelee hivyo hivyo. Kwa hilo umepata sifa, nami nimekufikishia. Nikaona bora nisimwambie ulichokuwa ukimwimbia wakati unamkanda, kwamba msichana mzuri halii.

Lakini jambo moja lilimshinda huyo dada, na lilinishinda mimi. Pendo akiwa naye anasema vizuri. Akitoka nje ya mlango anarudi kuwa mjukuu wako.

Tulipotoka hospitali, kina mama wa kanisani wakaja kutuona. Nilijua watakuja, nikamwambia Pendo abaki kitandani. Nageuka hivi, namwona anatoka jikoni na sinia la chai. Kwa miguu ile! Akapita kwa kila mmoja, akampigia goti kila mmoja, shikamoo, shikamoo, shikamoo. Mama Furaha, yule Mkongo wa Bukavu uliyekuwa ukisuka naye mikeka, akamshika mkono akamuuliza, "Mutoto, uko muzuri?" Naye akatabasamu. "Nzuri, asante." Wote wakafurahi. Wakasema huyu kalelewa, huyu kalelewa na bibi yake, watoto wa huku hawako hivi. Wakakuombea kwa jina. Nami nimekaa pale nasema amina huku nasaga meno, maana naona vidole vyake vilivyoshika ukingo wa sinia vimekakamaa. Mama Furaha peke yake ndiye aliyeinuka kabla ya maombi ya pili akasema twende, mutoto achoke mbele yetu ni aibu. Wengine walinuna mpaka kwenye kundi letu la WhatsApp.

Jioni ile nilimfokea. Nikamwambia hakuna tena nzuri ndani ya nyumba hii kama si nzuri. Akalia, akaniuliza sasa aseme nini, maana akimkosea adabu mtu mzima mimi mwenyewe ndiye ninayemkata jicho. Na ni kweli, mama. Wiki hiyo hiyo nilikuwa nimemkata jicho kwa kumpita jirani bila kumwamkia. Utafanyaje na mtoto wa hivyo? Utamng'oa upande mmoja wa malezi na kuuacha mwingine? Nilikutukana kimoyomoyo siku ile. Nisamehe, au usinisamehe, shauri yako.

Sasa nikwambie kilichonifanya nichukue kalamu.

Alhamisi iliyopita nilikuwa ofisini, katikati ya kikao, simu ikatetemeka mezani. Pendo, kutoka shule. Nikatoka ukumbini nikijua kitakachofuata, salamu kwanza, kisha Kiingereza, kisha "I'm good, but", na mimi nianze kukamua. Nikapokea. Akasema, "Mama, naumwa. Ni saba. Njoo sasa hivi."

Hakuniamkia. Kwa mara ya kwanza tangu alipoanza kusema, mtoto huyu hakuniamkia. Hata habari za kazini hakuniuliza, hata pole ya kazi hakunipa. Na yote kwa Kiswahili! Nilisimama pale kwenye korido nikalia kwa furaha kama punguani, yule bosi wangu akatoka kuniuliza kama nimefiwa tena. Nikamwambia hapana, mwanangu anaumwa, nikachukua koti nikaondoka.

Tulifika hospitali mapema. Nesi hajamaliza kusema karibu, Pendo ameshamwambia: selimundu, mapaja na mgongo, saba, dawa hii nimekunywa saa fulani. Akaingizwa. Kesho yake tulikuwa nyumbani, na sasa hivi ninapokuandikia anakula chipsi kitandani kwako na kudondosha chumvi kwenye shuka zako. Nilipomuuliza kwa nini alizungumza Kiswahili, akanitazama kama mimi ndiye mjinga. Kasema pale shule hakuna anayekielewa, kwa hiyo aliweza kulisema kwa sauti bila mtu kumwonea huruma.

Halafu akaniuliza kama Bibi angekasirika.

Ningeweza kumdanganya. Ningeweza kusema Bibi angeelewa, Bibi anatutazama kutoka juu anatabasamu, hayo wanayosema watu. Nikamwambia ndiyo, Bibi angekasirika sana. Angekununia wiki nzima. Akacheka, mama, akacheka mpaka akashika mgongo, nami nikacheka, na tukakulilia humo humo.

Basi kasirika. Una haki. Wewe tulikuzika na adabu zako zote, hazikupungua hata moja, na watu walisema mazishi yalikuwa mazuri. Huyu sitamzika nazo.

Usidhani nimemwachia awe mtoto wa mtaani. Jumapili ijayo, hali ikiwa nzuri, tutakuja Lidcombe na maua na ufagio. Nakuahidi atapiga goti mbele yako na atakupa shikamoo iliyonyooka, kama ulivyomfundisha. Lakini nakuahidi na hili pia: akiniambia hapo kaburini kwamba miguu inamuuma, tutaondoka kabla hujaitika.

Pumzika, mama.

Mwanao,
Edina